UZI: Mali iliyomo kwenye taka za mafuta ya nyuklia, na ile inayotufikia Dar ikiwa ndani ya jenereta

Mkemia_Upanga

Wakuu, kuna kauli inarudi kila mara watu wakizungumzia nyuklia: kwamba taka zinazobaki baada ya kuchakata upya mafuta ya vinu ni utajiri uliofukiwa, na wenye akili wangeuchimbua. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, ila watu wengi wanauweka ukweli huo mahali pasipo pake. Naweka hapa ninachokifahamu kuhusu kemia yake, wenzangu wa hospitali na wa usalama wa mionzi waongeze.

Mafuta ya kinu cha kawaida yakishatumika, karibu asilimia 95 bado ni urani, kama asilimia 1 ni plutoniamu, na asilimia 3 hadi 4 ni mabaki ya mpasuko wa atomi. Viwanda kama La Hague kule Ufaransa vinatoa urani na plutoniamu. Kinachobaki ni kimiminika chenye asidi, chenye joto na mionzi mikali mno, na humo ndimo wanamozungumzia mali. Kuna sesiamu-137 yenye nusumaisha (muda wa nusu ya atomi zake kuoza) ya miaka 30, strontiamu-90 ya miaka 29, amerisiamu-241 ya miaka 432, neptuniamu-237 ya miaka zaidi ya milioni 2, na metali za jamii ya platini, yaani ruteniamu, rodiamu na paladiamu.

Kila kimoja kati ya hivyo kimewahi kuwa na mnunuzi au kimefanyiwa hesabu ya kuuzwa. Lakini mnunuzi hanunui "mionzi". Ananunua isotopu moja, yaani aina moja ya atomi za elementi fulani, kwa usafi fulani, katika umbo la kikemia linalokubalika. Hapo ndipo taka na mali zinapoachana, na ndipo gharama ilipo.

Mfano mkubwa kuliko yote uko Hanford, Marekani. Kati ya 1974 na 1985 walitenga sesiamu na strontiamu kutoka kwenye taka zao na kuzifungia ndani ya kapsuli za chuma: sesiamu kama kloraidi, strontiamu kama floraidi. Nia ilikuwa zitumike viwandani, kwa mfano kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali. Kapsuli 1,936 zimekaa miongo mingi ndani ya bwawa la maji, 1,335 za sesiamu na 601 za strontiamu. Mwaka 1988 kapsuli moja ya sesiamu iliyokuwa imeazimwa kwa kiwanda cha kusafishia vifaa huko Decatur, jimbo la Georgia, ilivuja ndani ya bwawa la kiwanda. Baada ya hapo kapsuli zikakusanywa zikarudishwa. Mali ikawa taka tena, na safari hii ni taka ya kulindwa usiku na mchana.

FizikiaMbezi

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze kuhusu umbo la kikemia, maana watu huliona jambo dogo.

Sesiamu kloraidi ni chumvi. Inayeyuka kwenye maji kama chumvi ya jikoni, na ikiwa unga hushika mikono, nguo na sakafu. Goiânia, Brazili, Septemba 1987, mashine ya tiba iliyoachwa kwenye jengo tupu ilibomolewa na waokota vyuma. Ndani yake mlikuwa na sesiamu kloraidi ya takribani terabekereli 51 (bekereli ni kipimo cha nguvu ya mionzi), ujazo wa kiganja. Watu 4 walifariki, watu 249 wakakutwa wamechafuliwa, na nyumba zikabomolewa. Kama kiasi kilekile kingekuwa ndani ya glasi au seramiki, bado kingechoma aliyekigusa, ila kisingesambaa mtaani. Ndiyo maana leo hospitali nyingi duniani zinaacha mashine za sesiamu za kumulikia damu na kuchukua za eksirei.

Strontiamu nayo ina sura yake. Wasovieti waliitumia kwenye betri za joto, za kuendesha minara ya taa baharini na mitambo ya redio milimani. Desemba 2001, karibu na kijiji cha Lia nchini Georgia, wakata kuni watatu walikuta vyombo viwili vya moto msituni, theluji imeyeyuka pembeni yake, wakavilalia mgongoni usiku kucha kupata joto. Mmoja alifariki 2004. Chombo kilikuwa kinafanya kazi yake barabara. Tatizo ni kwamba kilipoteza mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akisema "tutoe sesiamu tuuze", swali la kwanza ni nani atakimiliki chanzo hicho mwaka wa 60, kikiwa bado na robo ya nguvu yake na kampuni iliyokinunua haipo tena.

JichoLaGama

Kuhusu metali za platini naomba tusidanganyane. Rodiamu iliyotokana na mpasuko ipo kweli, na bei ya rodiamu sokoni inawatoa watu udenda. Lakini inazaliwa imechanganyika na rodiamu-102 yenye nusumaisha ya karibu miaka 3 na miezi 9, na ruteniamu-106 ya mwaka mmoja hivi iko pembeni yake. Ukitaka mtu aishike bila hofu, unasubiri miongo kadhaa. Paladiamu ndiyo mbaya zaidi, maana paladiamu-107 ina nusumaisha ya miaka milioni 6.5 na haitenganishwi na paladiamu nyingine kwa kemia. Mionzi yake ni hafifu, lakini mnunuzi wa vito au wa vichujio vya moshi wa magari hatakubali hata hafifu. Mpaka sasa hakuna kiwanda cha biashara kinachoziuza.

Wanaozifahamu kwa karibu ni mafundi wa tanuru la glasi, na wanazichukia. Taka hizo huchanganywa na glasi ya borosilikati kwenye joto la takribani nyuzi 1,100, kisha humiminwa kwenye mikebe ya chuma. Mkebe wa La Hague unabeba kama kilo 400 za glasi. Metali za platini haziyeyuki vizuri ndani ya glasi. Zinazama chini ya tanuru, na kwa kuwa zinapitisha umeme, mkondo unaopaswa kupasha glasi unapitia chini badala ya katikati. Glasi inapata joto lisilo sawa, inakuwa nzito, haimiminiki. Rokkasho kule Japani walikwama kwa tatizo hilihili kwenye majaribio ya 2007 na 2008. Sababu nzuri ya kuzitoa mapema ni kulinda tanuru. Bei ya soko inakuja baadaye sana.

BintiKigamboni

Asanteni. Nina maswali mawili. La kwanza: sisi tuna urani ya Mkuju, Namtumbo. Je, mabaki ya mgodi hayana hivi vitu? La pili: teknetiamu inayotumika hospitali kupiga picha za mifupa, nayo si inatoka kwenye urani iliyopasuka? Kwa nini isitolewe kwenye taka hizo zilizojaa dunia nzima, badala ya kuagizwa kila wiki kwa ndege?

Mkemia_Upanga

Dada BintiKigamboni, la kwanza: hapana. Sesiamu-137, strontiamu-90 na wenzao huzaliwa atomi zikipasuka, kama ndani ya kinu. Mwamba wa Mkuju una urani ya asili na watoto wake wa kuoza, hasa thoriamu-230 na radiamu-226, kwa kiasi kidogo sana kwa kila tani. Radiamu ina thamani siku hizi kwa sababu inaweza kugeuzwa aktiniamu-225 ya kutibu saratani, lakini wanaoitafuta wanakusanya sindano za zamani za radiamu zilizotumika mahospitalini karne iliyopita, siyo udongo wa mgodi. IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomu, ilianzisha mpango wa kuzikusanya mwaka 2021.

La pili ni swali zuri, na jibu lake lipo kwenye saa. Teknetiamu-99m ina nusumaisha ya masaa 6. Mama yake, molibdeni-99, ana masaa 66. Mafuta ya kinu hupozwa miaka kadhaa kabla ya kuchakatwa. Katika miaka mitano, molibdeni imejigawa nusu zaidi ya mara 660. Haipo. Kilichobaki kwenye taka ni teknetiamu-99, ambayo ni isotopu nyingine, ya miaka 211,000, isiyofaa kupigia picha na inayowasumbua wahifadhi wa taka kwa sababu husafiri na maji ya ardhini.

Kwa hiyo molibdeni inatolewa kwenye vibamba vidogo vya urani vilivyokaa kinuni siku chache tu, na uchakataji unaanza vikiwa bado vya moto. Kati ya mipasuko 100 ya urani-235, kama 6 huishia kwenye molibdeni-99. Kinu cha SAFARI-1 pale Pelindaba, Afrika Kusini, ni mmoja wa wazalishaji wakubwa, pamoja na Petten ya Uholanzi, BR2 ya Ubelgiji, Maria ya Polandi, LVR-15 ya Cheki na OPAL ya Australia. Na wao pia wanabaki na taka: urani karibu yote ya kibamba haijapasuka.

Ukiuliza ni uchakataji gani wa nyuklia unaogusa maisha ya mtu wa Dar moja kwa moja, ni huu. Nawaachia watu wa chumba cha moto, yaani maabara ya hospitali inayoandaa dawa zenye mionzi.

KamuaAsubuhi

Nashukuru, Mkuu. Naeleza jenereta yenyewe, yaani boksi linaloletwa na molibdeni ndani ili tuitolee teknetiamu hospitalini, kwa sababu mali hii inapotea kizembe ikishafika.

Ndani ya boksi kuna ganda la risasi, na katikati kuna kolamu ndogo ya alumina (oksidi ya alumini) iliyoshika molibdeni. Teknetiamu ikizaliwa haishikwi sana, hivyo ukipitisha maji ya chumvi ya asilimia 0.9 inatoka nayo. Huko ndiko kukamua.

Utaratibu kwa jenereta ya kolamu kavu: valia glovu na kibandiko cha kupima dozi ya mionzi, weka ngao. Futa vizibo vya vichupa kwa alkoholi ya asilimia 70 na SUBIRI ikauke, maana alkoholi ikiingia inaharibu mkamuo. Chomeka kwanza kichupa cha maji ya chumvi. Kisha chomeka kichupa chenye ombwe kikiwa ndani ya ngao ya risasi. Ukianza na cha ombwe, kinavuta hewa tupu na ombwe lako limeisha. Acha dakika zote zilizoandikwa na mtengenezaji, kwa kawaida ni kama tatu, hata kama unaona maji yameisha. Hewa inayofuata nyuma ya maji ndiyo inayokausha kolamu. Ukichomoa mapema, maji yanabaki kwenye alumina, mionzi inayavunja, na yale yaliyovunjika yanabadili hali ya kikemia ya teknetiamu ili isitoke. Kesho yake unapata nusu ya ulichotarajia, unailaumu jenereta.

Hesabu za haraka. Ukiacha masaa 24 tangu mkamuo uliopita, teknetiamu inafika takribani 0.88 ya molibdeni iliyopo. Masaa 6, takribani 0.45. Masaa 4, 0.33. Zidisha na ufanisi wa kolamu, tuseme asilimia 90. Molibdeni yenyewe inapungua asilimia 22 kila siku. Jenereta yenye GBq 20 (gigabekereli; GBq 1 ni MBq 1,000) za molibdeni Jumatatu saa sita mchana inakupa kama GBq 16 za teknetiamu. Ijumaa muda uleule, molibdeni ni GBq 7.3 na mkamuo ni kama 5.8. Picha ya mifupa inachukua MBq 555 hadi 740 kwa mtu mzima. Mgonjwa aliyepangwa masaa matatu baada ya mkamuo anahitaji kutengewa mara 1.4 ya dozi yake. Kwa hiyo wagonjwa wa Ijumaa hawapangwi kwa wingi wa wagonjwa wa Jumatatu, na anayepanga miadi lazima aijue hesabu hii, siyo mkamuaji peke yake.

Jambo jingine: viwango vya molibdeni sokoni huandikwa kwa "kiri ya siku sita" (kiri ni kipimo cha zamani cha nguvu ya mionzi), yaani nguvu itakayobaki siku sita baada ya kuchakatwa. Katika siku hizo sita inabaki asilimia 22 tu. Ndege ikikwama siku moja uwanja wa Julius Nyerere, umepoteza zaidi ya moja ya tano ya ulicholipia, na hakuna namna ya kuirudisha.

UhasibuWaDozi

Ongezea saa, ndugu yangu, maana hapa kwetu ndiyo hatari ya kimyakimya. Hati inasema 12:00, nayo ni saa sita mchana. Mtu mmoja akiandika kwenye daftari "saa 3" akimaanisha 09:00, na wa zamu nyingine akaiingiza kwenye programu kama 03:00, tofauti ni masaa 6. Hiyo ni nusumaisha moja kamili ya teknetiamu. Dozi inatoka mara mbili, au nusu. Daftari la jenereta liandikwe kwa tarakimu nne za masaa 24, bila neno asubuhi wala mchana. Na kama jenereta imetoka Afrika Kusini, saa yao iko nyuma ya Dar kwa saa moja: 12:00 yao ni 13:00 yetu. Kwa molibdeni saa moja ni asilimia 1, unaweza kusamehe. Kwa teknetiamu ni karibu asilimia 11.

ZamuYaMuhimbili

Swali kwa KamuaAsubuhi. Mkamuo wa Jumatatu asubuhi, dawa ya MDP, ile inayopeleka teknetiamu kwenye mifupa, imechanganywa kama kawaida, lakini picha za mifupa zinaonyesha tezi ya shingo, tezi za mate na tumbo vinang'aa. Alhamisi na Ijumaa hali ni nzuri. Kipima dozi kiko sawa. Nini kinaendelea?

KamuaAsubuhi

Mkuu, hiyo ni teknetiamu huru, haikushikwa na MDP. Na kwa kuwa ni Jumatatu, anza na mkamuo wenyewe.

Kolamu ikikaa bila kukamuliwa wikiendi nzima, teknetiamu-99m inaoza kuwa teknetiamu-99, ile ya miaka 211,000. Kikemia ni kitu kilekile. Baada ya masaa 24 tangu mkamuo, kama asilimia 28 ya atomi zote za teknetiamu ndizo 99m. Baada ya masaa 72 ni chini ya asilimia 8. Kichupa cha dawa kavu kina bati kidogo la kupunguza teknetiamu ili ishikwe. Bati halichagui. Linamalizwa na atomi ambazo kamera haizioni, na zako unazozihitaji zinabaki huru.

Tiba: kama sheria za kituo zinaruhusu mtu kuingia Jumapili, kamua na umwage mkamuo kwenye chombo cha kuozea. Kama hakuna, kamua Jumatatu alfajiri, weka pembeni, kamua tena masaa 4 baadaye na utumie huo wa pili kwa dawa zinazonuna. HMPAO, dawa ya picha za ubongo, ndiyo inayonuna kuliko zote: inataka mkamuo usiozidi masaa 2, kutoka jenereta iliyokamuliwa ndani ya masaa 24 yaliyopita.

Sababu ya pili ni hewa. Ukiingiza sirinji yenye hewa kwenye kichupa cha dawa, oksijeni inamaliza bati. Vuta ujazo wa gesi ulio sawa na wa maji uliyoingiza, usisukume hewa ndani.

Kabla hujamwita mgonjwa, pima. Ukanda wa kromatografia, tone dogo chini, asetoni. Teknetiamu huru inapanda na asetoni hadi juu, iliyoshikwa inabaki chini. Kata katikati, pima vipande viwili. Ni dakika chache. Ukiona ini linang'aa badala ya tezi, kosa ni jingine: ni teknetiamu iliyopunguzwa ikageuka chembe, au alumini imezidi kwenye mkamuo. Alumini inapimwa kwa karatasi yenye rangi: tone la mkamuo pembeni ya tone la kiwango cha mikrogramu 10 kwa mililita. Likiwa jekundu kuliko la kiwango, mwaga.

FizikiaMbezi

Na kipimo cha molibdeni kinachovuja msikipuuze. Kikomo cha Marekani ni kBq 0.15 za molibdeni kwa kila MBq 1 ya teknetiamu, WAKATI wa kumchoma mgonjwa. Famakopia ya Ulaya, kitabu cha viwango vya dawa, inasema asilimia 0.1, ambayo ni kBq 1 kwa MBq. Kituo kichague kimoja na kukiandika.

Maneno "wakati wa kumchoma" ndiyo yenye uzito. Teknetiamu inaoza haraka, molibdeni polepole, hivyo uwiano unapanda kichupa kikiwa kimekaa mezani. Ukipata 0.03 saa ya kukamua, utafika 0.15 baada ya masaa 15 hivi. Ukipata 0.05, ni masaa 10 na nusu. Ukipata 0.09, umebaki na masaa 5 kasoro, na mgonjwa wa alasiri hatakiwi kuchomwa kutoka kichupa hicho.

Kupima: chukua kikopo cha risasi chenye unene wa kama milimita 6. Gama ya teknetiamu ina nishati ya keV 140, haipiti. Gama za molibdeni za keV 740 na 778 zinapita. Pima kikopo kitupu kwanza, kisha na kichupa ndani, toa tofauti, zidisha na kizidishi cha mashine YAKO. Kizidishi cha mashine nyingine hakifai. Baada ya hapo toa kichupa, pima teknetiamu. Pima kila mkamuo, siyo wa kwanza tu, kwa sababu kolamu inaweza kupasuka njiani au kuanza kuvuja katikati ya wiki. Jenereta iliyoanguka kutoka kwenye gari au iliyolazwa kwa ubavu izingatiwe ni ya mashaka hadi kipimo kiseme vinginevyo.

Kuna uchafu hospitali haiwezi kuupima asubuhi, nao ni strontiamu-90. Kikomo cha Ulaya kwa molibdeni ya mpasuko ni asilimia 0.000006. Linganisha na 0.1 ya molibdeni. Strontiamu inakwenda kwenye mfupa na kukaa humo, ndiyo maana. Hapo unategemea cheti cha mtengenezaji, na cheti hicho kisomwe kikifika, siyo kufungiwa kabatini.

JichoLaGama

Hapo kwenye strontiamu, uzi unarudi kwenye taka za Mkemia. Strontiamu-90 iliyotengwa kutoka kwenye taka inaoza kuwa itriamu-90, nusumaisha masaa 64, inayotoa chembe za beta tupu zinazofika hadi milimita 11 ndani ya nyama. Inatumika kutibu uvimbe wa ini kwa vijipira vidogo vinavyopelekwa kupitia mshipa. Aina moja ya vijipira, ile ya resini, inatumia itriamu iliyokamuliwa kutoka strontiamu. Nyingine, ya glasi, huwekwa kinuni na haina historia ya strontiamu. Ya kwanza ndiyo mfano safi wa mali kutoka takani, na bei yake yote iko kwenye uhakika kwamba mama hakumfuata mtoto.

Aktiniamu-225 ni vilevile: siku 9.9, kutoka thoriamu-229, ambayo ilikuwa imejificha kwenye urani-233 ya zamani iliyosubiri kutupwa Oak Ridge. Amerisiamu-241 inajijenga yenyewe ndani ya plutoniamu ya zamani, kutoka plutoniamu-241 ya miaka 14, na Waingereza wanaitoa kwenye akiba yao kwa ajili ya betri za vyombo vya anga. Inatoa wati 0.11 kwa gramu, dhidi ya 0.57 za plutoniamu-238, lakini nusumaisha yake ni miaka 432. Angalia kinachoziunganisha: hakuna anayechota kwenye pipa la taka mchanganyiko. Wote wanakamua akiba safi iliyotengwa zamani, ikaachwa izae. Taka ikishageuzwa glasi, mlango huo umefungwa.

BintiKigamboni

Nimeelewa sasa. La mwisho: jenereta zilizokwisha zinaenda wapi? Ile risasi ni nzito na wauza vyuma chakavu wanaitamani.

UhasibuWaDozi

Dada, hapo pana mahali pa kusimama kidete. Watu husema "nusumaisha kumi zimepita, salama". Kwa molibdeni nusumaisha kumi ni siku 27 na nusu. Jenereta ya GBq 20 hapo bado ina MBq 20 hivi, na mita ya mkononi inaiona vizuri. Ukisubiri siku 60 inabaki kama kBq 5. Teknetiamu-99 iliyobaki ndani ni chini ya kBq 1, haina uzito.

Njia ya kwanza ni kuirudisha kwa mtengenezaji, kama mkataba unaruhusu. Muulize kabla ya kununua, siyo baada. Njia ya pili ni kuiozesha kwenye chumba kilichofungwa, kila moja na tarehe yake, za zamani mbele. Siku ya kuitoa, pima kwa mita mahali pasipo na chanzo kingine karibu, mbali na chumba cha moto, la sivyo utakuwa unasoma ukuta. Ikilingana na usuli, yaani mionzi ya kawaida ya mazingira, bandua alama zote za mionzi, futa uso wa ganda kwa pamba na upime pamba, kisha andika namba ya jenereta, usomaji na jina la aliyepima.

Risasi yenyewe haiuzwi wala haigawiwi kwa fundi wa mtaani. Baadhi ya watengenezaji huweka urani hafifu (iliyopunguzwa urani-235) badala ya risasi kwenye jenereta kubwa. Hiyo haiozi katika siku 60 wala miaka 60. Soma hati kabla ya kugusa bisibisi. Ikiwa ni urani, hiyo ni ya TAEC, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu ya 2003, piga simu kwao kabla haijaondoka getini. Ganda lenye alama ya mionzi likionekana kwenye mizani ya chakavu Tandika au Gerezani, hata likiwa tupu, watu watafungua mengine wakidhani nayo ni matupu.

KamuaAsubuhi

Ongeza hili, Mkuu: boksi la kurudishia nalo lipimwe. Usomaji wa juu kabisa kwa mita 1 kutoka kwenye boksi, katika millisivati kwa saa, zidisha na 100, hiyo ndiyo namba ya usafirishaji inayoandikwa kwenye lebo ya njano. Lebo ya safari ya kuja usiiache. Ilikuwa na namba kubwa, na dereva atakataliwa uwanjani kwa sababu karatasi na boksi havisemi kitu kimoja.